SOMO KWA MAKUSANYIKO YOTE: GHALA YA CHAKULA NA UFUNGUO WAKE

Maandiko ya kusoma mbele ya somo: Matendo ya Mitume 6:1-7 na 11:27-30, Ruthu 2, Nehemia 13:10-13, 2 Wakorintho 8:16-21.

Andiko la kushika kwa moyo: Matendo ya Mitume 6:3.



Makusanyiko mengi yametuuliza: ghala ya chakula kwa ajili ya wenye shida inaanzishwa namna gani, na inatunzwa namna gani bila kuleta ugomvi katika nyumba ya Mungu? Sisi tulio katika kazi ya diakonia hapa Bukavu tumeona vema kujibu kwa somo hili. Hatuandiki kama watu waliofaulu. Tunaandika kama watu waliokosa, wakarudishwa njiani, na ambao hawataki ninyi mpite katika shimo lile lile.

1. Mwanzo wa kazi hii kwetu

Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, mlima Nyiragongo ulitapika moto. Siku tano baadaye, tarehe 27, watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waliamriwa kuondoka. Wengi walikimbilia Sake na Minova, wengine wakavuka mpaka kwenda Rwanda, wengine wakapanda mashua mpaka Bukavu. Walilala katika makanisa, katika shule na kwa jamaa. Kusanyiko letu nalo lilipokea wageni. Tulisukuma viti pembeni, mama za kanisa wakaleta vyungu, na kila nyumba ikatoa ilichokuwa nacho: unga wa muhogo, maharagi, lengalenga, sambaza wa ziwa letu. Siku hizo hakuna aliyemwuliza mwenzake kabila lake wala kanisa lake.

Mwezi wa sita wageni walianza kurudi kwao. Tulibaki na mifuko miwili iliyofika nusu, na swali moja. Njaa ya wageni tuliiona kwa sababu ilifika kwa miguu mbele ya mlango wetu. Je, njaa iliyokaa katika viti vyetu wenyewe kila Siku ya Bwana, tuliiona? Mama mjane anayeimba pamoja nasi na kurudi nyumbani kupika maji na chumvi, tulimjua? Hivyo ndivyo ghala yetu ilivyozaliwa.

2. Nabii alitangaza njaa: wanafunzi walifanya nini?

Sisi ni watu wanaoheshimu unabii. Basi tusome vizuri habari za nabii Agabo katika Matendo 11:27-30. Agabo alisimama katika kusanyiko la Antiokia, akaonyesha kwa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Luka anatuambia kwamba njaa hiyo ilifika siku za Klaudio, yule Kaisari aliyetawala Roma kutoka mwaka 41 mpaka mwaka 54.

Angalieni mambo matatu yaliyofuata. Kwanza, wanafunzi hawakukaa kusubiri kuona kama neno litatimia. Waliamua kutoa. Pili, kila mmoja alitoa kadiri ya nguvu zake. Hakuna aliyelazimishwa kutoa kama tajiri. Tatu, msaada haukupelekwa na mtu mmoja. Ulipelekwa na wawili, Barnaba na Saulo, ukawekwa mikononi mwa wazee, si mkononi mwa mzee mmoja.

Yosefu naye alifanya vivyo hivyo huko Misri (Mwanzo 41). Mungu alifunua maana ya ndoto, na mara Yosefu akaonyesha kazi: sehemu moja ya tano ya mavuno ikusanywe katika miaka saba ya shibe. Ndoto ilitoka kwa Mungu. Kujenga ghala, kupima na kuweka walinzi ilikuwa kazi ya watu. Ndugu wapenzi, kanisa linalosikia unabii wa njaa, likaimba, likaomba, kisha likaenda kulala, bado halijamtii nabii.

3. Kosa letu

Sasa tunasema lile linalotupa haya. Mwanzoni orodha ya wenye kusaidiwa iliandikwa na watu watatu tu kati yetu. Walikaa mezani jioni moja, kila mmoja akataja majina aliyoyajua. Majina yalikuwa 42. Kila siku ya posho watu walikuja na mifuko, tukapima, tukaomba, wakaenda. Tulifurahi sana. Tulisema ghala inatembea vizuri.

Kulikuwa na mama mzee mmoja, mjane, aliyekuja kutoka wilaya nyingine na ambaye lugha ya kwao si lugha ya wengi wetu. Alikaa kiti cha nyuma. Alikuwa analea mjukuu wake. Alikuja siku ya posho mara tatu, na mara tatu tukamwambia: "Mama, jina lako halimo." Mara ya nne hakuja tena. Lakini pale bombani watu walimsikia akisema kwamba ghala ile ina macho, ila yanaangalia upande mmoja.

Neno lilifika kwa wazee. Wengine wetu tulisema: huyu ana roho ya manung'uniko, anavunja kazi ya Mungu, aitwe atubu. Akaitwa. Alikuja ameshika mkono wa mjukuu. Tulipomwambia aombe msamaha, alijibu kwa upole: "Wababa, nitauomba. Lakini kwanza fungueni kitabu, msome majina kwa sauti, nami nisikie."

Tukafungua, tukasoma. Tulipofika katikati, mwandishi akaanza kupunguza sauti. Kati ya majina 42, majina 31 yalikuwa ya jamaa, majirani na watu wa kwao wale watatu walioandika. Hapana mtu aliyeiba hata kilo moja. Waliandika tu wale waliowajua. Na wale waliowajua walikuwa wa kwao.

Hapo tulinyamaza, kisha sisi ndio tulioomba msamaha. Mama mmoja wa kanisa aliyekuwapo alimtazama mtoto, akaona miguu imevimba na nywele zimegeuka rangi. Ilikuwa bwaki. Kesho yake mtoto alipelekwa kwenye kituo cha afya, na kwa neema ya Mungu alipona. Hatusemi haya ili mshangilie. Majuma yale ambayo bibi yake alirudishwa na mfuko mtupu yameandikwa mbele za Mungu, na hesabu yake iko juu yetu.

4. Mitume waliyapokea namna gani manung'uniko?

Siku hiyo ndiyo tuliyosoma tena Matendo 6 kwa macho mengine. Kanisa la kwanza lilikuwa na ugawaji wa kila siku. Wanafunzi waliongezeka. Wayahudi waliosema Kiyunani walilalamika juu ya Waebrania, kwa sababu wajane wao walikuwa wanasahauliwa. Luka hasemi kwamba mtu aliiba. Anasema walisahauliwa. Na waliosahauliwa walikuwa wale wa lugha nyingine, wageni kati ya wenyeji.

Tazameni mitume hawakufanya nini. Hawakuwaita wajane kuwakemea. Hawakusema manung'uniko ni kazi ya Shetani. Hawakusema wajane wangoje mpaka kila kitu kiwe tayari. Waliita kusanyiko lote, wakakubali kwamba kazi imewashinda wao peke yao, wakataka watu saba wenye sifa tatu: kushuhudiwa mema, kujaa Roho, na kuwa na hekima. Sifa moja haitoshi bila nyingine. Mtu anaweza kuomba usiku kucha lakini hajui kutunza mfuko wa maharagi. Mwingine anajua hesabu vizuri, lakini watu wa mtaani wanaogopa kumkopesha hata ndoo.

Kisha tazameni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Ni kama kusanyiko lilisema: waliosahauliwa walikuwa wa upande huu, basi kazi ya meza iwe katika mikono ya upande huu. Hawakuongeza tu majina ya wajane katika orodha. Waliwapa ufunguo. Na mstari wa 7 unaonyesha matunda: neno la Mungu likaenea, wanafunzi wakaongezeka sana.

Hilo ndilo neno kubwa la somo letu: ufunguo wa ghala uwe pia katika mkono wa yule anayejua kusahauliwa. Sisi tulimwomba yule mama mzee aingie katika kazi. Alikataa kwanza, akisema hajui kusoma. Tukamwambia: "Mama, kitabu kitashikwa na mwingine. Wewe utashika kopo la kupimia." Amelishika mpaka leo, na kopo lake halina ndugu wala jirani.

5. Mpango wa kazi

Nehemia alipoona ghala za nyumba ya Mungu zimeharibika, aliweka watunzaji wanne: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya Mlawi, na Hanani wa kuwasaidia (Nehemia 13:13). Kuhani, mwandishi, Mlawi na msaidizi: hawakuwa wa kazi moja. Walichaguliwa kwa kuwa walihesabiwa waaminifu. Kwa mfano huo tunawashauri hivi:

a) Kufuli mbili, funguo mbili. Ziwe kwa watu wawili wa jamaa mbali mbali, wala wasiwe mume na mke. Mlango haufunguliwi mmoja akikosekana.

b) Mchungaji asishike ufunguo. Tunamlinda yeye na jina lake. Akiletewa mtu mwenye njaa usiku, atume kwa wenye funguo. Mtume Paulo mwenyewe hakutaka kubeba sadaka ya makanisa peke yake. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za watu pia (2 Wakorintho 8:20-21).

c) Kitabu chenye sehemu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kila mara tarehe na sahihi mbili. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole.

d) Kila mwezi watu wawili wasio katika kazi ya ghala wahesabu mifuko na kulinganisha na kitabu. Siku ya Bwana ya kwanza ya mwezi hesabu isomwe mbele ya kusanyiko: kilo ngapi ziliingia, ngapi zilitoka, nyumba ngapi zilisaidiwa. Majina ya waliosaidiwa yasisomwe hata siku moja.

e) Orodha ifanywe upya kila miezi mitatu. Wenye kutembelea nyumba waende wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi (Marko 6:7), na mmoja wao awe mama. Mama akiingia jikoni anaona mambo ambayo mwanaume haoni: jivu la zamani, sufuria kavu, mtoto asiyelia tena. Swali lao liwe dogo: "Jana nyumba hii ilipika nini?"

f) Wa kwanza wawe hawa: watoto wa chini ya miaka mitano, wenye mimba na wanaonyonyesha, wazee walio peke yao, wagonjwa wanaokunywa dawa za muda mrefu, na wale waliofika juzi wakikimbia vita au maji.

6. Uso wa maskini

Boazi alipomwona Ruthu katika shamba lake, angeweza kumpa mfuko mmoja mbele ya wavunaji wote ili wasifu wema wake. Hakufanya hivyo. Aliwaambia vijana wake waangushe masuke makusudi, Ruthu ayaokote, na mtu asimwaibishe (Ruthu 2:15-16). Ruthu alirudi kwa mkwewe na chakula, na kichwa chake kikiwa juu.

Kwa hiyo sisi tuliacha kugawa baada ya ibada ya Siku ya Bwana, wakati watu wote wanaangalia. Tunagawa siku ya kati ya juma, asubuhi, nyumba chache kila saa, ili pasiwe na mstari mrefu barabarani. Kila mtu anakuja na mfuko wake kama mtu anayekwenda sokoni Kadutu. Wasioweza kutembea, vijana wanawapelekea jioni. Na hakuna simu ya kupiga picha, hata kama mfadhili anaomba picha. Bwana ametukataza kupiga tarumbeta tunapotoa (Mathayo 6:2-4), na picha ya mama mwenye njaa inayotembea katika simu za watu ni tarumbeta ya siku hizi.

Tuwape mfano. Mwaka 2025 vita ilifika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Banki zilifunga milango. Hata wenye mishahara walikosa namna ya kuichukua. Mwalimu mmoja, ambaye miaka yote alikuwa analeta maharagi katika ghala, alikuja siku moja jioni, akasimama nje ya uwanja. Haingii, haendi. Yule mama wa kopo alimwona. Akamwita: "Mwalimu, kuja kidogo unisaidie. Namba hizi za mifuko mimi sizijui." Mwalimu akaingia, akahesabu mifuko, akaandika. Alipomaliza, mfuko wake ulikuwa umejaa, umewekwa karibu na mlango. Hakuna aliyesema neno. Alirudi juma lililofuata, akahesabu tena.

Ndugu, mtoaji wa leo anaweza kuwa mpokeaji wa kesho. Pimeni kama mnavyotaka kupimiwa.

7. Chakula kisiharibike

Nabii Malaki aliwakemea waliomletea Mungu wanyama vipofu, vilema na wagonjwa (Malaki 1:8). Yule anayeleta katika ghala unga wenye kuvu, ambao yeye mwenyewe hawezi kupikia watoto wake, amefanya jambo lile lile. Mahindi na karanga zenye kuvu zina sumu isiyotoka kwa kupika. Zisigawiwe, wala zisipewe kuku. Zitupwe mbali.

Mifuko iwekwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, maana simenti inatoa unyevu wakati wa mvua. Andikeni tarehe juu ya kila mfuko. Ulioingia kwanza utoke kwanza. Muhogo uliolowekwa uanikwe mpaka ukauke kabisa mbele ya kusagwa.

Kujua kama punje zimekauka: chukueni chupa kavu ya kioo, tieni punje na chumvi kavu kidogo, fungeni, tikiseni kwa dakika chache, acheni itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, punje bado zina maji, zirudishwe juani. Isipogandamana, zinaweza kuwekwa.

Maharagi makavu yanatiwa katika bidoni safi na kavu, yajazwe mpaka juu, kifuniko kikazwe kisipitishe hewa. Wadudu walio ndani watakufa kwa kukosa pumzi, bila dawa. Msifungue fungue kila siku.

8. Chakula kinatoka wapi?

Msingoje mgeni mwenye gari. Ghala inayosimama juu ya mgeni inaanguka siku mgeni anapoondoka. Sisi tulianza na robo kilo. Nyumba 60 zikiweka kila juma robo kilo ya maharagi au unga, ni kilo 15 kwa juma. Kwa majuma 52 ni kilo 780. Asiye na robo kilo alete konzi moja. Asiye na konzi alete kuni, au afagie ghala. Hata anayesaidiwa anaweza kutoa kazi ya mikono, si kwa kulipa, bali kwa sababu naye ni mtu wa nyumba hii.

Tena tujue majira. Katika milima yetu maharagi yanavunwa karibu na mwezi wa 12 na wa kwanza, halafu karibu na mwezi wa sita. Wakati huo bei inashuka. Ndio wakati wa kukusanya na kununua. Miezi inayotangulia mavuno ndiyo yenye njaa. Ndipo ghala ifunguke zaidi. Anayenunua wakati wa njaa ananunua kidogo kwa franka nyingi.

Kwa nyumba ya watu watano sisi tunatoa, tukiwa nacho, kilo tano za unga, kilo mbili za maharagi, nusu litre ya mafuta ya mawese na chumvi, kwa majuma mawili. Hicho hakitoshi, na tunawaambia hivyo wazi. Ni cha kusaidia nyumba isianguke wakati inatafuta njia.

9. Maswali magumu

Je, tuwape tu wanaoomba pamoja nasi? Mjane wa Sarepta aliyelishwa pamoja na Eliya hakuwa Mwisraeli (1 Wafalme 17). Njaa haina kadi ya ubatizo. Lakini jamaa wenye uwezo wakumbushwe kuwatunza wajane wao wenyewe, ili kanisa lisaidie wasio na mtu (1 Timotheo 5:16).

Je, asiyefanya kazi asile? Watu wanapenda kutaja 2 Wathesalonike 3:10 mbele ya maskini. Wasome tena. Paulo anasema juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Hasemi juu ya asiyeweza, wala juu ya mwenye shamba ambalo vita imemzuia kulifikia.

Je, mtu akisema Roho amemwonyesha kwamba fulani apewe mfuko mzima? Tusidharau unabii, tena tupime yote (1 Wathesalonike 5:20-21). Siku ile ile watembeleaji wawili waende kwa yule aliyetajwa. Wakikuta shida, tumshukuru Mungu aliyetuonyesha nyumba tuliyoipita. Wasipoikuta, mfuko ubaki. Maono ya kweli hayaogopi kutembelewa.

Je, ghala ikibaki tupu? Semeni kweli mapema, mbele ya siku ya posho, ili mama mzee asipande mlima bure. Ombeni kwa imani. Lakini msitumie muujiza kama sababu ya kutokuhesabu. Bwana wetu alipolisha watu 5,000 aliwakalisha kwanza makundi makundi, ya mia na ya hamsini (Marko 6:39-40), na baada ya muujiza aliamuru vipande vikusanywe visipotee. Vikapu vilivyojaa vilihesabiwa: 12 (Yohana 6:12-13).

10. Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1) Katika kusanyiko letu, ni nani wanaokaa kiti cha nyuma? Tunajua majina yao na lugha yao?

2) Orodha yetu ikisomwa leo kwa sauti mbele ya wazee, mwandishi atapunguza sauti?

3) Mara ya mwisho mtu alipolalamika juu ya ugawaji, tulifanya nini: tulimnyamazisha, au tulifungua kitabu?

4) Ni nani katika nyumba yetu anayejua njaa, na ambaye hatujampa kazi?

5) Kila mmoja aseme kitu kimoja atakachotoa kuanzia juma hili, hata kama ni konzi moja.

Maombi

Mungu Baba, wewe uliyesikia kilio cha Hagari na mtoto wake jangwani, utusamehe majina tuliyoyasahau. Utupe macho ya kuona kiti cha nyuma, masikio ya kupokea lawama, na mikono isiyopunja kopo. Yule tutakayemkuta kesho mlangoni, asirudi na mfuko mtupu kwa sababu sisi hatukumjua. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Wapendwa, makusanyiko yatakayoanza ghala yachague kwanza watu, ndipo yatafute mifuko. Na kabla ya kuandika jina la kwanza katika kitabu, mwiteni mtu mmoja kutoka kiti cha nyuma, akae mezani pamoja nanyi.

Neema ya Bwana ikae nanyi.

Sisi ndugu zenu wa kazi ya diakonia, Bukavu.